Mpiga Ngoma wa Dolna Krusha na Maadui Wanne

Haralampi Dyakov hakuwa amelewa. Hilo litangulie, kwa sababu wapo watu Dolna Krusha wanaokisimulia kisa hiki kuanzia mwisho, tena wakicheka.

Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa mpiga ngoma wa kijiji. Tangazo la serikali likimfikia meya, Haralampi alijifunga ngoma tumboni, akasimama mbele ya duka la kinyozi, akapiga, kisha akatangaza. Alikuwa na maneno mawili ya kuanzia. Jambo aliloamini ni la kweli alilianza kwa "Imetokea." Jambo aliloletewa tu alisome, alilianza kwa "Inasemekana." Meya alimkemea mara nyingi kwa mtindo huo, lakini kijiji kilimwamini kuliko redio.

Desemba ya 1941 alitangaza, "Imetokea! Tuna vita na Uingereza na Amerika."

"Amerika wametukosea nini?" aliuliza kinyozi.

"Haikuandikwa."

Wajerumani, washirika wetu wakati huo, waliposhindwa Stalingradi, meya alimpa karatasi ndefu yenye sifa nyingi. Haralampi aliisoma kimoyomoyo mara mbili, akapiga ngoma taratibu. "Inasemekana Wajerumani wanarudi nyuma kwa mpango." Watu wakaelewa. Siku hiyohiyo wanawake walianza kuficha unga.

Mtihani wake ulikuja Septemba 1944, msimu wa kuchoma pilipili hoho za kuweka kwa ajili ya baridi, kijiji kizima kikinuka moshi. Tarehe tano alitoka na ngoma.

"Imetokea! Urusi imetutangazia vita."

Velika, mama wa makamo ambaye sauti yake husikika hadi kwenye kinu cha kusagia unga, aliziacha pilipili zake ziungue. "Urusi? Hao ambao hatujawarushia hata jiwe? Haralampi, baba, umekunywa?"

"Sijaonja, shangazi."

Siku tatu baadaye, jioni, alitoka tena.

"Imetokea! Tuna vita na Ujerumani."

Kinyozi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Ngoja kwanza. Uingereza tumepatana nao?"

"Hapana."

"Amerika?"

"Bado."

"Urusi?"

"Vilevile."

"Kwa hiyo jioni hii tunapigana na hawa, na tunapigana na wanaopigana na hawa?"

"Uturuki hawajasema kitu," alijibu Haralampi, maana alikuwa mtu wa haki.

Watu waliangua kicheko. "Kalale, kaka!" "Mkeo akumwagie maji!" Velika alimsogelea, akamnusa shati mbele ya wote. Hakupata harufu ya rakia, pombe yetu kali, hata kidogo, akatangaza kwamba ameifunika kwa kitunguu saumu. Hapohapo wakakubaliana: habari hii isipothibitika kufikia Jumapili, ngoma apewe mchunga nguruwe.

Haralampi alikwenda kwa meya kumwomba atoke aseme neno moja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mheshimiwa, wananiita mwongo!"

"Mimi simo," ilijibu sauti ya meya. "Hata upande wangu siujui, nitakutetea vipi?"

Nyumbani mkewe Stoyna alimwekea supu. "Najua hukunywa. Lakini ungesema 'Inasemekana' ungekufa?"

"Ilikuwa imetokea, Stoyna."

Hakuigusa supu.

Jumapili asubuhi lori la Warusi liliingia kijijini. Kapteni kijana, vumbi hadi kwenye kope, akaomba mtu wa kuzungumza kwa niaba ya kijiji. Wote walimwonyesha Haralampi kwa kidole. Kirusi tunakielewa; ni kama lugha yetu ikisemwa na mtu mwenye mkate mdomoni.

"Mzee, sasa mnapigana na Wajerumani?"

Hatimaye shahidi! Kwa furaha Haralampi alitikisa kichwa kushoto na kulia, kama mtu yeyote wa kwetu anayesema ndiyo. Kumbe Warusi vichwa vyao hufanya kazi kinyume. Askari wakainua bunduki.

"Hampigani nao? Mko upande wao?"

Haralampi aliinua kidevu juu na kukishusha: hapana, hata kidogo! Bunduki zikasogea karibu zaidi.

"Tuna vita nao!" alipiga kelele. "Tangu Ijumaa!"

"Mdomo wako unasema hivi na kichwa chako kinasema vile," alisema kapteni. "Niamini kipi?"

Ndipo Velika alipopenya katikati ya bunduki, mikono myeusi kwa masizi. "Mwanangu, uamini mdomo. Miaka ishirini na mmoja huyu hajatudanganya. Sisi tuliomcheka Ijumaa ndio wapumbavu."

Haralampi aliyafuta macho, akasema ni moshi.

Kapteni akawageukia wanakijiji. "Basi niambieni nyote. Mtu huyu ana akili zake? Hajalewa?"

Kwa mara ya kwanza juma lile kijiji kilikuwa na kauli moja. Watu wapatao mia, kinyozi na mchunga nguruwe wakiwemo, wakatikisa vichwa kwa nguvu zao zote, kushoto na kulia.

Kapteni aliwatazama, akamtazama Haralampi, akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Bunduki zikashushwa. "Andika," alimwambia karani wake wakipanda. "Kijiji ni rafiki. Msemaji wao ni mlevi."

Haralampi alilikimbiza lile lori hadi darajani, akidai neno moja lifutwe, na nyuma yake alikuwa Velika, akimtukana dereva apunguze mwendo.