Pini Tisa Zisizo na Tundu

Ukipita nyuma ya kanisa moja pale Rangwe siku za kazi, utasikia chumba kinagonga kama mvua ya mawe juu ya mabati. Usishtuke. Ni Bathsheba Akeyo anachapa vitabu.

Alizaliwa Mfangano, surua ikamchukulia macho akiwa mdogo, akaolewa huku bara. Mashine yake inagonga nukta kwenye karatasi nene, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, na wasioona kuanzia Rodi Kopany hadi visiwani husoma kazi yake.

Juzi radi ikaua kompyuta yake. Kanisa likamletea mpya, nzuri kabisa, ila waya wa mashine ni wa kizamani, kichwa kipana chenye skrubu mbili, na nyuma ya kompyuta mpya hakuna tundu lake. Fundi Elkanah akajaribu kiunganishi cha dukani. Mashine ikagonga mistari miwili, ikanyamaza. Bila mashine, Bathsheba angerudi kutoboa kwa mkono, nukta moja moja, na bega lake la kulia lilishakataa kazi hiyo.

Elkanah akachomoa umeme, akafungua kompyuta.

"Omera, ndugu yangu, usije ukaniambia nimtupe mzee wangu," Bathsheba akamwonya, mkono juu ya mashine yake.

"Hatupwi, Mama. Gusa bati hili kwanza, mwili utoe umeme. Haya, lete kidole. Polepole, hapa ukingoni mwa ubao mkuu wa kompyuta."

Kidole kikatembea. "Vijipini. Safu mbili. Hii tano, hii… nne. Pembeni kuna pengo."

"Basi hilo ndilo tundu lako. Halikutolewa nje tu."

"Na hizi za jirani? Pengo limehamia pembe ya pili."

"Hizo ni za USB."

Bathsheba akacheka. "Kama e na i kwetu! Zimegeuziana mgongo. Wanafunzi wapya huzichanganya mpaka walie."

"Hata mafundi hulia, maana ukizichanganya, kitu huungua."

Kidole cha Bathsheba bado kilikuwa pale. "Lakini kompyuta ya mwaka huu, pini za enzi zile za nini?"

"Kuna mizani za viwandani, mashine za maabara, bado zinaongea lugha hiyo. Mwenye mashine nzima hakubali kuitupa kwa sababu ya waya. Basi mtengenezaji anaziacha pini ndani, hazimli pesa. Tundu la nje ndilo analobania, nafasi ya huko inagombaniwa."

"Kwa hivyo hawakunifikiria mimi."

"Walifikiria viwanda, Mama."

"Sawa tu. Nimekalia kiti cha mgeni mwingine."

Elkanah akachomeka waya mfupi kwenye zile pini, upande wa pili akaunganisha mashine, akawasha. Karatasi ya kwanza ikatoka. Bathsheba akaipapasa.

"Huyu amelewa. Hakuna neno hapa."

Elkanah akarekebisha kasi, maana kompyuta ilikuwa inaongea haraka kuliko mzee alivyozoea kusikia. Karatasi ya pili, Bathsheba akaisoma hadi chini, kisha akairudia.

"Ubao utakaokuja baada ya huu," akauliza, "pini zitakuwapo?"

"Siwezi kukuapia."

Bathsheba akapapasa rundo la karatasi tupu. Mchana ule alikuwa na kitabu kimoja cha darasa la kwanza cha kuchapa, mwenye kitabu anakisubiri. Akaagiza kila ukurasa utoke mara mbili, maadamu pini bado zipo.

"Nakala ya pili ni ya nani?" Elkanah akauliza.

"Ya mtu ambaye bado hajazaliwa. Ongeza karatasi, hizi zinaisha."