Tarehe ya Kubariki Mbegu

Ange Irankunda hatulii. Hata studioni, katika redio ndogo ya mjini Tabora anakowasomea wakulima habari za hali ya hewa, fundi mitambo humwomba aache kutikisa mguu, maana meza inasikika hewani. Mwaka huu amezidi. Mwaka jana alishindwa, na hajajisamehe.

Mwaka jana alitangaza wiki nzima kwamba mvua ya kwanza isiwadanganye watu, itakatika, wasubiri. Alieleza vizuri, hata akajisifu. Kisha akaenda kwao Ulyankulu, akakuta mahindi ya mama yake, Marsiana, yamekaukia kwenye majani manne. Kijiji kizima kilikuwa hivyo hivyo.

"Mama, kwani redio husikilizi?"

"Nilikusikia, mwanangu. Ila mbegu zilikuwa zimeshabarikiwa."

Ange alijiona mjinga. Tangu utoto alibeba kikapu cha mbegu hadi kanisani, na bado alisahau kwamba mbegu iliyobarikiwa Jumapili haimalizi wiki ndani ya nyumba. Hupandwa, mvua itake isitake. Yeye alihangaika na redio, kumbe tarehe anayo katekista.

Basi mwaka huu, Oktoba ikielekea ukingoni, akapanda bodaboda hadi Ulyankulu, kwa katekista Leopoldi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kutusomea redio?"

"Nimekuja kuomba baraka ya mbegu isogezwe. Itoke tarehe mbili Novemba, iende ishirini na tatu."

Mzee aliisoma karatasi ya utabiri aliyopewa na Ange, akaikunja na kumrudishia. "Na mvua isipokatika? Watu watakula karatasi?"

Kudanganya kungekuwa rahisi. "Inaweza isikatike," Ange akasema. "Ila miaka kumi ya namna hii, saba hukatika."

"Hayo kayaseme kanisani mwenyewe. Mimi simo."

Jumapili aliyasema. Mtu wa nyuma akamuuliza shamba lake liko wapi, watu wakacheka. Ndipo Marsiana aliposimama. Alisema amebakiwa na debe moja tu la mbegu, na debe hilo litasubiri. Kicheko kikaisha. Mmoja mmoja, watu wakakubali kungoja naye, na baraka ikasogezwa.

Alhamisi ya tarehe sita, Ange akiwa bado kwa mama yake, mvua ikaanguka, na haikuwa manyunyu. Ijumaa ikarudi. Majirani walipita njiani wakimtazama Ange bila kumsalimu. Alitazama mawingu, akatazama karatasi, akayatazama tena mawingu. Jumamosi asubuhi, mvua ikiendelea, alichukua jembe na lile debe akaenda shambani.

Hakufika tuta la pili. Marsiana alikuwa nyuma yake, khanga kichwani.

"Weka chini."

"Mama, mvua imeshika. Nikiwa nimekosea mtalala njaa kwa sababu yangu."

"Ukiwa umekosea tutalia wote. Lakini mimi nilisimama mbele ya watu kwa neno lako. Ukipanda leo, nilisimama na nani?"

Akalibeba debe lake, akarudi nalo ndani. Ange akabaki pale na jembe mkononi, akilia, na mvua haikuonyesha dalili yoyote ya kukatika.