Kahawa Chini ya Minazi

Mume wangu alikuwa muuza kahawa Bagamoyo, na kahawa yake ilikuwa ghali kuliko ya wenzake. Haikuwa ghali ya kutisha, lakini ilitosha kusemwa. Alipopita mabarazani alasiri na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe mkononi, wazee walimwita kwa furaha, wakanywa, wakasifu, kisha wakati wa kulipa wakaanza kunung'unika. Mmoja alimuuliza kama kahawa hiyo imetoka Makka. Yeye alicheka nao, lakini akirudi nyumbani alikuwa kimya. Tulikuwa tumeoana juzi tu, uhuru wenyewe ukiwa bado mchanga, na ukimya ule niliujua kabla sijamjua vizuri mwenyewe.

Ughali ulitokana na mahali alipoipata. Wenzake walinunua madukani chenga zilizobaki, wakazikaanga mpaka zikakaribia kuwa mkaa, wakachanganya na mahindi na kutia tangawizi nyingi ya kuficha ladha. Yeye alikuwa na rafiki dereva wa lori aliyeoa Lushoto. Wakwe wa dereva walilima kahawa mlimani, na dereva alipopita Msata alimshushia kiroba. Mume wangu alikwenda kukingoja kando ya barabara, pengine kutwa nzima, halafu akarudi nacho kwa njia ile mbovu ya vumbi. Aliamini kuwa safari hiyo ndiyo iliyopandisha bei.

Siku moja alirudi kutoka Msata bila kiroba. Alibeba miche ya kahawa, imefungwa kwa majani ya mgomba, mizizi yake ina udongo mweusi wa mlimani. "Nikiilima mwenyewe bei itashuka," aliniambia. "Wazee watakunywa bila kununa."

Mama yake, ambaye tulikaa naye nyumba moja, alisema huo ni mti wa baridi. Hakubishana zaidi ya hapo. Tuliipanda katika shamba alilorithi kwa babake, njia ya kwenda Mbegani, chini ya minazi palipo na kivuli kinene. Wakati wa kiangazi nilitoka kisimani na ndoo kichwani, nikamwagilia kila shina. Mingi ilikufa. Iliyobaki ilikua polepole mno, hata watu wakasahau kututania. Nilizaa mtoto wa kwanza, nikazaa wa pili, na miti ile bado ilikuwa inanifika kifuani tu.

Kisha masika moja ikachanua. Maua yake ni meupe, yanashika tawi lote, na harufu yake inakaribia asumini. Mama mkwe alisimama katikati ya miti akavuta pumzi, akasema kumbe hata yeye angeipanda. Sikuwahi kumwona mume wangu akifurahi vile, hata siku ya harusi yetu.

Tulidhani kazi kubwa imekwisha, kumbe ilikuwa haijaanza. Kahawa haiivi kwa pamoja. Tawi moja lina tunda jekundu, la manjano na bichi, na dereva alikwisha tuonya kuwa likichumwa bichi moja litaonekana kikombeni. Basi tukawa tunachuma jekundu tu, moja moja, tunarudi nyumbani, na baada ya siku chache tunakwenda tena kwenye miti ile ile. Matunda tuliyaminya kwa vidole kuzitoa buni, tukaziloweka chunguni mpaka utelezi ukatoka, tukaziosha, tukazianika juu ya jamvi. Hapo mmoja wetu hakuweza kuondoka. Kuku wanaparua, mbuzi wanapita, na wingu likija kutoka baharini lazima kukunja jamvi lote mbio. Zilipokauka tulizitwanga taratibu kinuni ili ganda litoke buni zisivunjike, tukapepeta, halafu mama mkwe akakaa na ungo mapajani akichagua zilizotoboka na zilizopinda. Macho yake hayakuwa mazuri tena, kwa hiyo alizichagua kwa kuzipapasa.

Vikapu vyote tulivyobeba kutoka shamba vikaishia bakuli moja. Na bakuli lile, mume wangu alipolikaanga, likapungua tena.

Aliipika papo hapo. Tulikaa uani sisi watatu. Alijimiminia, akanywa kidogo, akakaa na kikombe mkononi.

"Ikoje?" nikamuuliza.

"Ni kahawa," akasema. "Lakini haina kitu ndani."

Nikaonja. Ilikuwa chungu, nyepesi, na baada ya kumeza hakikubaki chochote. Alitueleza jambo aliloambiwa na dereva lakini hakulitilia maanani: kule mlimani kuna ukungu na baridi, tunda linachukua miezi mingi kuiva, na humo ndimo linamopata utamu wake. Letu jua lilikuwa limeliharakisha. Mama mkwe alitazama vidole vyake vilivyoingia weusi.

"Nami nilidhani nalipia lori," mume wangu akasema baadaye. "Kumbe wale wa mlimani wanafanya kazi hii kila mwaka, na dereva ananiletea kwa bei ile. Bei yenyewe ni ndogo mno."

Hakuiuza kahawa yetu. Alirudi kwenye ile ya Lushoto, na sasa alitaka watu wajue wanakunywa nini. Baraza la mwisho la mzunguko wake lilikuwa la jirani yetu, nahodha mstaafu aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yake. Nikiwa dirishani nilisikia kila neno. Walipoanza kunung'unika, mume wangu aliweka dele chini akawaeleza yote: tunda jekundu, jamvi, ungo, ukungu wa mlimani. Alieleza vizuri. Wazee walimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Mwanangu," nahodha akamwambia kwa upole, "sisi hapa tunakunywa mazungumzo. Kahawa ni kisingizio. Tuletee yoyote, ilimradi iwe moto."

Wenzake waliitikia kuwa ndivyo. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Angechekwa angejibu.

Aliendelea kwa muda, lakini hakuwa yule tena. Kulikuja muuzaji kijana wa kahawa ya chenga, akawa anatangulia mabarazani, na wazee wakawa wamekwisha kunywa mume wangu anapofika. Kahawa ya mlimani nayo ikazidi kuwa adimu. Mwaka ule dereva alipohamishiwa njia nyingine, mume wangu hakumtafuta mwingine. Aliuza dele kwa mtu wa Pangani, akaanza kununua samaki Mbegani, nami nikawakaanga mlangoni. Samaki walitulisha vizuri kuliko kahawa. Hakuna aliyehoji bei yao.

Miaka ya sabini ikiwa imesogea, mama mkwe akiwa ametangulia mbele ya haki, alikuja mlangoni kwetu mwalimu mgeni mjini, mtu wa bara. Baada ya salamu alisema ameelekezwa kwetu. Amekunywa kahawa ya kila baraza la Bagamoyo, na anatafuta iliyo safi kama ya kwao. Ameambiwa palikuwa na mtu.

"Palikuwa," mume wangu akasema. "Nimeacha."

Mwalimu akauliza kama anaweza kuanza tena, hata kidogo kidogo, kwa ajili yake. Bei si kitu, akasema. Anaijua kazi ya kahawa, mama yake amezeeka akiifanya. Nilidhani mume wangu atakubali, nami nikaomba moyoni akubali. Lakini alisema tu kuwa mzigo hauji tena Msata, akamtaka radhi.

Mwalimu alipoondoka, mume wangu alibaki amesimama mlangoni akimwangalia mpaka akapinda kona. "Angekuja zamani," akasema. Kisha akaniuliza kama mafuta yamepata moto, nikamwambia bado.