Mifuko Isiyovuja

Shangazi yangu hakuwa anakunywa chai kabla hajakigeuza kikombe kutazama kama kina ufa. Nyumbani kwake, kwa watu, msibani, popote. Watu walishazoea. Mwenye nyumba anampa kikombe, yeye anakigeuza, anakigonga kwa ukucha, halafu ndiyo anasema ahsante. Methali aliyoijua ilikuwa moja tu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliitumia kwa kila jambo, hata siku nilipomwambia kwamba nimeachana na mchumba.

Kazi yake ilikuwa kushona turubai. Alishona mahema, vifuniko vya malori, mapazia ya maduka na matangi ya maji ya kukunja, katika chumba cha mbele kilichotazama barabara ya kwenda bandarini. Mle ndani mlikuwa na cherehani mbili za chuma, meza ndefu, harufu ya nta, na mimi. Mimi ni mtoto wa mdogo wake wa kiume, na tangu nilipomaliza shule nilikuwa namshikia turubai upande wa pili. Bandarini kote aliitwa Haivuji, kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mteja aliyeuliza habari za kazi yake. Hakusema nzuri, wala imara, wala itakaa miaka mingapi. Alisema haivuji, akageukia kazi nyingine.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shangazi alisifiwa maisha yake yote na hakutia hata tone, na hapo ndipo ilipotoka taabu yenyewe.

Baba yangu alikuwa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitahani, katika meli ya mizigo ambayo umri wake haukujulikana kwa kuwa kila aliyeujua alishastaafu. Mama yao alifariki baba akiwa bado anatambaa, na shangazi ndiye aliyemlea. Alimshonea kila kitu: mkoba wa shule, koti la mvua, na msimu mmoja hata viatu vya turubai, ambavyo maji yakishaingia kwa juu hayakutoka tena. Baba aliogopa watu wawili duniani, nahodha na dada yake, na nahodha walau alikuwa anabadilishwa.

Siku moja baba alikuja karakana na agizo. Mkaguzi alikuwa amepanda melini, akakuta mifuko ya mafuta imeoza, akasema meli haitoki mpaka ipatikane mipya. Shangazi akauliza mifuko ya mafuta ni kitu gani. Baba akaomba beseni la maji. Akayapuliza yakakunjamana. Kisha akadondosha tone la mafuta ya kupikia, akapuliza tena kwa nguvu zaidi, na maji yakatulia tuli. Alituambia kwamba baharini ni hivyo hivyo. Meli ikizidiwa na dhoruba unaning'iniza mifuko hiyo ubavuni, upande unakotoka upepo, ikiwa imejazwa nyuzi za kamba kuukuu zilizolowa mafuta. Mafuta yanatoka kidogo kidogo na kutandaa juu ya maji. Wimbi linabaki kubwa vilevile, ila kichwa chake hakivunjiki, na wimbi lisilovunjika linakunyanyua tu na kukushusha. Linaloua ni lile linalovunjikia juu ya sitaha.

Shangazi alisikiliza yote haya akiwa amekunja mikono. Akauliza mafuta yanatokaje ndani ya mfuko. Baba akashusha sauti, akasema yanatoka kwenye matundu. Ukishamaliza kuushona, unauchomachoma kwa sindano kubwa.

"Yaani unataka nishone mfuko wa kuweka mafuta," shangazi akasema, "ili usiweke mafuta."

Baba akakubali kwamba, kwa kifupi, ndiyo hivyo. Shangazi akamjibu kwamba mtu anayetaka kitu kinachovuja huenda dukani akanunua chujio.

Lakini alishona, kwa sababu bila mifuko mdogo wake asingesafiri. Kila mmoja ulikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia, turubai nzito, mishono miwili miwili, kitanzi cha kamba shingoni. Akaijaza nyuzi na mafuta ya samaki aliyoyaleta baba, ambayo harufu yake ilimpotezea kinyozi wa jirani wateja kadhaa. Kisha akachukua sindano yake. Ilikuwa sindano ndefu ya pembe tatu, aliyopewa na fundi aliyemfundisha kazi, na ilikaa ukutani ndani ya ala ya ngozi. Mimi niliruhusiwa kuitazama. Akaishika, akakaza meno, akatoboa mfuko mmoja baada ya mwingine, kisha akaining'iniza yote kwenye boriti juu ya beseni. Mafuta yakaanza kudondoka. Niliona kazi imekwisha, nikaenda zangu kula.

Niliporudi, mifuko ilikuwa imeshafungwa kwenye gunia na sakafu imepigwa deki. Jioni baba akaja kuichukua. Akauliza kama imetobolewa, na shangazi akajibu kwamba imetobolewa. Baba akatazama sakafu, akamtazama dada yake, akaomba maji ya kunywa. Shangazi alikwenda kumletea, mimi nikatoka kulifunga gunia kwenye baiskeli. Alikunywa, akaaga, akaondoka. Asubuhi meli ikang'oa nanga.

Asubuhi hiyo hiyo sindano haikuwepo ukutani.

Sitaki kurefusha habari ya sindano. Nitasema tu kwamba niliulizwa asubuhi, mchana na jioni, kwamba sakafu ilipekuliwa kwa sumaku, na kwamba niligeuza mifuko ya gauni langu mbele ya mteja aliyekuja kuulizia hema. Shangazi hakusema nimeiba. Alisema vitu havina miguu. Aliendelea kulisema hilo mpaka kinyozi naye akawa ananisalimia kwa kuuliza kama vitu vimeshaota miguu. Nilimchukia shangazi yangu kwa jambo hilo, na sikuona haya kumchukia, maana sikuichukua.

Habari ya dhoruba ililetwa na kinyozi. Aliingia na wembe mkononi, mteja wake kamwacha na povu shavuni, akasema redio imetangaza kwamba bahari imechafuka vibaya na vyombo vyote vibaki bandarini. Meli ya baba ilishakuwa mbali na nchi kavu. Nikamwambia shangazi asiwe na wasiwasi, mifuko wanayo.

Shangazi akasimamisha cherehani.

"Haivuji," akasema.

Nilidhani anajisifu kama kawaida yake. Nikamwambia najua, kazi zake hazivuji.

"Nakwambia ile mifuko haivuji. Niliiziba."

Alinieleza huku akilitazama gurudumu la cherehani. Nilipokwenda kula alibaki peke yake anasikiliza mafuta yakidondoka. Alivumilia. Alitoka nje, akarudi, bado yanadondoka. Alisema ilikuwa sawa na kusikia mtoto analia chumba cha pili na umekatazwa kwenda. Akaanza kwa kutia nta kwenye tundu moja tu, lile lililovuja zaidi, ili apate kupumua. Lakini mazoea yana taabu. Mkono ulipoanza haukusimama mpaka matundu yote yalipokwisha, na juu ya nta akapitisha uzi. Mdogo wake alipouliza kama mifuko imetobolewa, alijibu imetobolewa, na hakusema uongo, maana kutobolewa ilitobolewa.

Habari ya sindano ningeweza kuisamehe. Hii sikuweza. Nilimwambia kwamba amemuua baba yangu kwa usafi. Alivaa viatu, akafunga mlango wa karakana mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na tukaenda kwenye ofisi ya wakala wa meli.

Karani alikuwa mtu mpole. Alitupa viti, akatuambia kwamba meli ilipiga simu ya upepo kusema injini imezimika na wanapelekwa tu na mawimbi, na tangu hapo kimya. Shangazi akamwomba atume ujumbe. Karani akashika kalamu, akauliza ujumbe gani.

"Waambie watoboe."

Karani akauliza watoboe nini. Alieleza kwa adabu kwamba kwa watu walio melini neno hilo si zuri. Shangazi akasema serahangi ataelewa. Karani akanitazama mimi, mimi nikatazama dari, na ujumbe ukatumwa jinsi ulivyo. Haukujibiwa. Tulirudi, upepo ukiyapiga mapazia ya maduka njia nzima, yote kazi yake, na hakuna hata moja lililochanika.

Siku zilizofuata alishona vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Nilipochungulia nikaona ni mifuko mingine ya mafuta. Alikuwa anaishona, anaitoboa kwa sindano ya kawaida, anaining'iniza kwenye boriti, kisha anakaa chini yake na kuikalia mikono yake mwenyewe. Mafuta yalimdondokea gauni, naye akayaacha. Sijawahi kumwona shangazi na doa. Hapo hasira zikanitoka nikabaki na hofu tu, juu ya baba na juu yake pia.

Baba alirudi kwa miguu yake. Meli ilivutwa mpaka bandarini, mlingoti mmoja umekatika, na yeye akaja moja kwa moja karakana, ndevu zimejaa chumvi, gunia begani. Mimi nilimrukia shingoni. Shangazi alisimama akiwa ameshikilia meza. Alifungua kinywa kuungama, na ilionekana kabisa amejiandaa, lakini baba akainua mkono, akaanza yeye.

Alisema bahari ilikuwa inavunjikia juu ya sitaha na ilishang'oa boti moja ya kuokolea watu. Akaining'iniza mifuko upande wa upepo. Haukupita muda mrefu maji yaliyoizunguka meli yakalainika juu, mawimbi yakawa yanapanda na kushuka bila kichwa, na wakakaa hivyo mpaka upepo ukachoka wenyewe. Hakupotea mtu. Ujumbe wa karani waliupata baadaye, simu ya upepo ilipofufuka. Nahodha aliusoma mara nyingi, akaamini ni ujumbe wa siri, akautafuta kwenye kitabu cha alama na hakuuona.

"Haiwezekani," shangazi akasema. "Ile mifuko ilikuwa haivuji."

Baba akavua kofia. Ndani, kwenye utepe, ilichomekwa sindano ndefu ya pembe tatu, imeshika kutu.

"Dada, mimi umenilea wewe," akasema. "Lini nimewahi kuwa na kitu kinachovuja?"

Aliichukua jioni ile ile, shangazi akiwa amekwenda kuleta maji na mimi niko nje na baiskeli. Hakuhitaji kuipima mifuko; sakafu ilikuwa safi mno kwa chumba kilichovujiwa na mafuta ya samaki. Angeweza kusema pale pale. Lakini kumwambia dada yake kwamba kazi yake ina kasoro, na kasoro yenyewe ni kukosa kasoro, lilimshinda. Aliona afadhali dhoruba.

Shangazi akaipokea sindano, akaigeuza, akaisugua kutu kwa pindo la gauni lenye madoa. Akasema imeharibiwa. Halafu akalia, kwa sauti, mlango uko wazi, mpaka kinyozi akazima redio. Baba alimkumbatia, akawa anamwambia basi, dada, basi. Nami nililia kwa furaha, ingawa nilikuwa bado nasubiri mtu aseme neno kuhusu vitu visivyo na miguu.

Hakuna aliyesema. Ila habari ile ilienea bandarini na meli nyingine zikaanza kuagiza mifuko, na shangazi alishona kila iliyoagizwa. Alipofika kwenye kutoboa, aliitoa sindano ukutani, akaiweka mkononi mwangu, akasema, "Toboa wewe," kisha akaenda kukaa kwa kinyozi. Nilipomaliza nilimwita. Alisimama mlangoni, haingii, akauliza kama inavuja. Nilimjibu inavuja. Alimshukuru Mungu, akaniuliza nta iko wapi. Nilimwambia imekwisha.