Neno la Chaki Mlangoni kwa Kukhu

Jana mjukuu wangu alirudi kutoka shule na neno moja la wino mwekundu kwenye daftari: DIRT. Uchafu. Eti kwa sababu ya alama ya kidole chenye udongo. Nilikasirika mpaka ugali ukaungua, halafu nikajikuta nacheka peke yangu jikoni, maana mimi na hilo neno tunajuana zamani.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, hapahapa Mundika. Nilikuwa darasa la nne, naishi na nyanya yangu, ambaye sisi Waluhya tunamwita kukhu. Kila Ijumaa tulisiriba nyumba. Kazi yangu ilikuwa kuokota mavi ya ng'ombe yangali na moto na kuyachanganya na udongo na jivu. Kukhu alipiga magoti akapaka sakafu kwa kiganja, akiacha mistari ya mviringo kama magamba ya samaki. Baadaye ukiingia, harufu ni ya majani mabichi, na ubaridi wa sakafu unakuambia ulale hapohapo.

Ijumaa moja bwana afya alifika kwa baiskeli kukagua nyumba, viatu vinang'aa. Kukhu alimwambia, "Ngoja kidogo bwana, bado iko maji." Hakungoja. Mguu ulitangulia, makalio yakafuata. Alipoinuka alitoa chaki mfukoni, akaandika DIRT mlangoni, herufi kubwa, akaenda zake anachechemea.

"Soma," kukhu akaniambia. Mimi ndiye nilikuwa msomi wa boma. Nikamtazama, magoti yamejaa mavi, jasho puani, nikashindwa.

"Imeandikwa nyumba safi."

Basi nikawa nimejiletea balaa. Kukhu alikataza mtu yeyote kugusa ule mlango. Mvua ikitisha, anaufunika kwa gunia. Wamama wa kanisa waliitwa kuuona, mmoja mmoja. Jirani yetu, ambaye peke yake alikuwa na sakafu ya simiti, alimvizia bwana afya barabarani: "Boss, mbona mimi umeniruka? Kuja uniandikie hiyo nyumba safi." Mimi nilikonda. Kiboko cha kukhu ningekivumilia. Kilichonitisha ni wale wamama wakijua, wamcheke.

Ikajulikana Jumapili. Mwalimu wetu alialikwa chai baada ya ibada. Akasimama mlangoni, akasoma, akakohoa.

"Mama, hii ni kusema uchafu."

Jirani akaficha mdomo kwa leso. Kukhu akanigeukia polepole. Mwalimu aliona ninavyorudi nyuma, akakimbilia elimu yake. "Lakini kamusi yangu kubwa inasema ni neno la zamani sana. Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, na kwa hao watu lilikuwa ni mavi."

"Mavi ya nani?" kukhu akauliza.

"Kamusi haijasema."

Kukhu akakaa wima. "Basi yule bwana hakukosea. Siku hiyo nilikuwa nimesiriba, na mavi yalikuwa mazuri." Akamgeukia jirani. "Na wewe wa simiti, utaandikiwa nini?"

Leso ikashuka. Wamama wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikuchapwa. Nilipokuwa namimina chai ingine aliniinamia sikioni: "Siku ingine ukitaka kunidanganyia watu, niambie kwanza."

Kukhu alishaenda. Nyumba ililainishwa na mvua mwaka baada ya mwaka mpaka ikabaki kichuguu. Mimi sasa nina simiti. Napiga deki nimesimama, na nyumba inanuka sabuni tu. Hakuna anayepiga magoti, na mjukuu wangu hajawahi kushika mavi ya ng'ombe yangali na moto.

Lakini anacheza pale kwenye kichuguu kila jioni, na hiyo alama ya kidole aliitoa hapo. Huo udongo ni ukuta wa kukhu. Kesho nampelekea mwalimu wake daftari hivyohivyo, sifuti kitu. Nitamwambia tu kwamba wa kwanza kutuandikia hilo neno alikuwa ametoka kuanguka, kwa hivyo naye atembee pole pole.