Sauti ya Besi

Mimi na jirani yangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale tuliimba besi kanisani, na sote tukaota uvimbe kooni. Kwenye mahojiano ya kuhamia Amerika yeye alionyesha wake. Mimi niliuficha, nikiamini wagonjwa hukataliwa. Kumbe ugonjwa ndio uliomtanguliza kwenda Amerika kutibiwa. Mimi nilichelewa kufika hospitali Mbarara. Wakanipasua shingo, sauti ikabaki mnong'ono.

Siku moja akanipigia simu kutoka huko Amerika. “Ndugu, muganga hakunigusa! Alikaa pembeni akaongoza roboti, mikono ya chuma ikapita mu kinywa. Hata kovu hakuna. Sikiliza!” Akaimba besi yetu.

Kwa wivu nikakata simu. Kanisani nikanong'ona kwamba hataimba tena. Walimwombea wiki nzima, nami nikapiga magoti pamoja nao.