Juni Thelathini kwa Mosi Agosti

Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka Lubumbashi akilalamika kwamba mwaka huu mosi Agosti inaangukia Jumamosi. Kwake hiyo ni sikukuu iliyopotea bure, haina siku ya kuunganisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya kalenda yangu ya ukutani hapa Kolwezi, nikacheka, maana Jumamosi hiyo nilishaiona tangu siku nilipoitundika kalenda, na nikasonya. Ugonjwa huu wa kuwinda sikukuu tumeurithi, rafiki yangu, na aliyetuachia ni baba.

Miaka ile ya Zaïre tuliishi Kapata, kando ya Kolwezi, kwenye safu za nyumba za kampuni, zote sura moja, kiasi kwamba mgeni alitambua nyumba yetu kwa rangi ya kopo la maua ya mama. Baba alikuwa kwenye kiwanda cha kusaga mawe ya shaba. Kiwanda hicho hakikujua sikukuu wala Jumapili. Watu waliingia kwa zamu, tukiziita posti: siku kadhaa za usiku, kadhaa za mchana, kadhaa za asubuhi, kisha siku moja ya kupumzika, halafu wanaanza upya. Posti yako ikiangukia sikukuu, unavaa kofia yako ngumu na kwenda, wenzako wakibaki kuchoma nyama.

Ndiyo maana wanaume wa mtaa wetu walikuwa na soko lao. Jumapili ya kwanza baada ya Mwaka Mpya, watu wakishatoka misa na ibada, walikuja barazani kwetu na viti vyao. Mama aliwawekea munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kwenye ndoo na vitumbula vya moto kwenye sinia, na kalenda ya mwaka mpya ikalazwa juu ya meza. Hapo walibadilishana siku. Wewe unanifanyia kazi Mei ishirini, mimi nitakufanyia Novemba ishirini na nne. Hakuna aliyeandika kitu. Walipeana mikono, kapita wao, msimamizi wa zamu, akaambiwa kesho yake, na siku ikawa imepata mwenyewe mwingine.

Mimi nilikuwa mshika penseli. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na niliringa kwa hilo mno, nikubali tu. Siku chache kabla ya soko baba aliniketisha na kuniambia posti yake ya siku ile, nami nikahesabu mbele mwezi kwa mwezi kwenye karatasi, nimwambie kila sikukuu itamkuta wapi. Kaka zangu walisema najifanya karani. Niliwaacha waseme.

Mwaka ninaousimulia, baba alitaka siku moja tu. Mosi Agosti ni Siku ya Wazazi, unajua desturi yetu: asubuhi tunakwenda makaburini kusafisha, mchana tunakula na wazazi walio hai. Baba alikuwa na mtu wa asubuhi na mtu wa mchana, na wote wawili walikuwa Tenke, safari ya treni kutoka kwetu. Babu yetu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, akazikwa hapo. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, alikataa kuhamia Kapata ili asimwache peke yake. Msalaba wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa zamani, nyasi zikafunika yote, na kambo pekee ndiye aliyejua ni wapi hasa. Mwishoni mwa mwaka alituletea neno kupitia mama mmoja muuza samaki wakavu. Mama yule alilirudia mlangoni kwetu kama alivyopewa:

"Mwambie mwana yangu, macho yangu inaisha. Akuye le premier août nimuonyeshe. Nikifwa, fasi ya tata yake itapotea."

Baba aliingia ndani, akatoka na kalenda.

Nikahesabu. Kwa hesabu yangu pumziko lake lingekuwa Julai thelathini na moja, na mosi Agosti angekuwa kazini. Basi sokoni akamgeukia jirani wa mlango wa pili, mtu wa Katanga ya kaskazini, Mprotestanti mwenye cheko la kutikisa kiti. Jirani yule angekuwa kazini Juni thelathini, sikukuu ya uhuru, na ndugu zake walikuwa wanakuja siku hiyo. Baba akampa Juni thelathini, yeye akampa mosi Agosti. Wakapeana mikono, na kitumbula cha mwisho wakagawana.

Juni thelathini ikafika na baridi yake. Tulikwenda kutazama gwaride, tukarudi na vumbi mpaka kwenye kope, na mama alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na kuku na sombe ya majani ya muhogo yenye karanga. Nyumba ya jirani iliimba kutwa nzima. Kiti cha baba kilikuwa kitupu, mama akamfunikia paja la kuku kwa sahani. Nilijiambia si kitu, tunainunua Agosti.

Katikati ya Julai kapita alibandika orodha ya posti. Baba alirudi akaketi bila kuvua viatu, akaniita. Orodha ilisema mosi Agosti ni siku yake ya kupumzika. Alikuwa amefanya kazi sikukuu nzima ili anunue siku iliyokuwa yake tayari. Aliniomba karatasi yangu, akaipitia kwa kidole cheusi polepole, mwezi kwa mwezi, kisha kidole kikasimama.

"Février ya mwaka huu iko na siku ngapi?"

Nikajibu ishirini na nane, na papo hapo nikaona. Nilikuwa nimeandika miezi kwa kunakili kalenda ya mwaka uliopita, ile niliyofunikia daftari zangu, na mwaka ule Februari ilikuwa na ishirini na tisa. Nililia kwa aibu. Nililia zaidi kwa lile paja la kuku alilokula limepoa. Baba alinitazama, akatazama karatasi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Jirani naye alipoelezwa alicheka mtaa mzima ukasikia. Baba alitaka kumwambia yaishe hapo, kosa ni la nyumba yetu. Jirani alikataa, akafuta machozi na kusema deni la Juni thelathini lazima alilipe:

"Trente juin ulitumika pa fasi yangu, mi sikusahabu. Sasa le deux mi njo nitaingia pa fasi yako. Wende ukakale na mama."

Mosi Agosti ilikuwa Alhamisi. Kwa hiyo baba akawa na Alhamisi yake na Ijumaa, Agosti pili, aliyopewa na jirani, siku mbili mfululizo, jambo ambalo sikumbuki kama lilikuwa limewahi kutokea. Alikuwa amepanga kuchomeka chuma tu juu ya kaburi na kuwahi treni ya jioni. Sasa akasema kuna muda wa simenti kukauka. Jumatano alipotoka posti ya asubuhi tulipanda treni na nusu mfuko wa simenti ndani ya sanduku la nguo, na hadi leo gauni langu la misa nalikumbuka kwa harufu ya simenti.

Asubuhi kambo alitutangulia makaburini, mkono kwenye bega langu. Alihesabu hatua kutoka kwenye reli, akakata kulia, akasimama kwenye nyasi zilizofanana na nyasi nyingine zote, akagonga ardhi kwa fimbo.

"Ni hapa. Sasa munaona bote."

Tulifyeka, baba akachanganya simenti na kumwaga, kisha akanipa msumari. Alisema mwandiko wangu hauna kosa, hesabu ndiyo tuiache. Nikaandika jina la babu, kubwa, ulimi nje. Mchana tulikula kwa kambo samaki na mchicha wa lengalenga, naye akamlisha baba kwa mkono kama mtoto, baba akakubali. Ijumaa asubuhi tulirudi, simenti imekuwa ngumu. Kambo hakujua kusoma. Alipitisha kidole kwenye kila herufi tangu mwanzo hadi mwisho, akasema taratibu kwamba miaka yote ile hakujua jina la mume wake ni refu hivyo.

Leo kambo amelala kando ya babu, na baba amezikwa hapa Kolwezi. Jirani alihama, kiti chake na cheko lake vikaenda naye. Baraza zile za Kapata wengine wamezijengea maduka, na sijamsikia mtu akimkabidhi jirani yake sikukuu kwa kushikana mkono tu. Nilikuwa na bahati ya kukua kati ya watu wa namna ile, na nikiwakumbuka moyo unatulia.

Binti yangu alipomaliza kulalamika nilimwambia hiyo Jumamosi haitoshi. Tenke hajafika hata mara moja, nyasi zimerudi juu ya simenti, na sasa hatua za kutoka kwenye reli nazijua mimi peke yangu. Aje Ijumaa. Akaniuliza nani atakaa kazini mahali pake.

"Tafuta mwenzako," nikamwambia, "umupatie trente juin."